Kupakua rekodi za katalogi na kuziingiza katika mfumo wetu wa maktaba: tuzitoe wapi, na tusafishe nini kwanza?

mkutubi_chuoni ameuliza:

Ndugu wakutubi, nawasalimu. Maktaba yetu ya chuo imeanza kutumia Koha, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea maktaba, baada ya miaka mingi ya kuorodhesha vitabu katika jedwali la kompyuta lenye safu chache tu: jina la kitabu, mwandishi, mwaka, ISBN (namba ya kimataifa ya kitabu) pale inapokuwepo, na namba ya usajili iliyobandikwa ndani ya jalada. Kuandika upya maelezo ya kila kitabu kwa mkono ni kazi isiyokwisha, na kwa kuwa vitabu vingi tulivyo navyo vimekwisha kuorodheshwa na maktaba kubwa, tumeamua kupakua rekodi zao za MARC, yaani muundo sanifu wa katalogi unaosomwa na kompyuta, na kuziingiza katika mfumo wetu.

Nimejaribu kwa fungu dogo, na matokeo yamenitatiza. Majina yenye alama za lafudhi, kama yale ya Kifaransa na Kireno, yanatokea yakiwa na vibambo visivyosomeka. Rekodi zenyewe zimeingia, lakini msomaji akitafuta kitabu anaambiwa kwamba hakuna nakala, ilhali kitabu kiko rafuni. Na vitabu kadhaa tulivyokuwa tumekwisha kuviingiza kwa mkono sasa vinaonekana mara mbili. Naomba kuelekezwa jinsi ya kuyatatua haya kabla hatujaingiza fungu kubwa, na pia ningependa kujua ni maktaba zipi zinazoruhusu rekodi zao kupakuliwa bila malipo.

Fundi Mifumo amejibu:

Nianze na herufi, kwa sababu chanzo cha tatizo hilo kinaweza kuonekana kwa macho. Rekodi ya MARC inayosafirishwa katika umbo la ISO 2709, sanifu ya kubadilishana rekodi, hutanguliwa na kichwa chenye vibambo 24, na kila nafasi ya kichwa hicho ina kazi yake. Linganisha vichwa hivi viwili:

01142cam  2200301 a 4500
01142cam a2200301 a 4500

Tarakimu tano za mwanzo ni urefu wa rekodi nzima kwa baiti. Ukihesabu nafasi kuanzia sifuri, nafasi ya 9 ndiyo inayotangaza usimbaji wa herufi, yaani jinsi herufi zinavyoandikwa kwa baiti. Ikiwa tupu, kama katika mstari wa kwanza, rekodi imetangazwa kuwa ya MARC-8, usimbaji wa zamani uliotumiwa na maktaba kabla Unicode haijaenea. Ikiwa na herufi a, kama katika mstari wa pili, rekodi imetangazwa kuwa ya Unicode. Tofauti kati ya aina hizi mbili si ndogo. Katika MARC-8 alama ya lafudhi hutangulia herufi inayoibeba, ilhali katika Unicode alama inayosimama peke yake hufuata herufi. Kwa hiyo é katika MARC-8 ni baiti E2 ikifuatiwa na 65, na programu inayolisoma faili hilo kana kwamba ni UTF-8, umbo la kawaida la Unicode, hukwama palepale, kwa sababu E2 haiwezi kufuatwa na 65 katika UTF-8.

Koha hukuuliza usimbaji wa faili pale unapolipandisha katika hatua ya maandalizi, kabla rekodi hazijaingizwa katika katalogi, na huo ndio mpangilio ambao watu wengi hupita bila kuutazama, kwa kuwa UTF-8 imekwisha kuchaguliwa tayari. Ukijua kwamba faili lako ni la MARC-8, chagua hivyo. Hata hivyo, mimi hupendelea kulibadilisha faili kabla halijaugusa mfumo, ili nilione lilivyo. Programu ya yaz-marcdump, ambayo ni ya bure, hufanya kazi hiyo kwa amri moja:

yaz-marcdump -f marc-8 -t utf-8 -o marc -l 9=97 ghafi.mrc > safi.mrc

Sehemu ya mwisho ya amri, 9=97, huandika herufi a katika nafasi ya 9, kwa kuwa 97 ndiyo namba ya herufi hiyo katika ASCII. Usiiache, maana bila hiyo baiti zitakuwa za Unicode huku kichwa kikiendelea kusema kwamba ni MARC-8, na mfumo wako utazibadilisha mara ya pili na kuziharibu upya. Yapo pia mafaili yaliyofika yakiwa na mgongano wa namna hiyo tangu yalikotoka, hivyo kabla ya kutoa amri tafuta rekodi moja yenye jina la Kifaransa au Kijerumani, uisome.

Jambo jingine ambalo halikuulizwa, lakini huharibu mafaili mengi: usifungue faili la .mrc kwa programu ya kawaida ya kuandikia matini, ukarekebisha neno, kisha ukahifadhi. Baada ya kichwa, rekodi ina saraka ambamo kila uga, yaani sehemu ya rekodi yenye namba yake, umetengewa vibambo 12, yaani vitatu vya namba ya uga, vinne vya urefu wake na vitano vya mahali unapoanzia. Ukiongeza hata baiti moja ndani ya jina la kitabu, urefu huo na mahali pa nyuga zote zinazofuata havilingani tena na yaliyomo. Geuza faili kwanza liwe matini kwa MarcEdit, programu ya kurekebishia rekodi za MARC, lirekebishe likiwa katika umbo la .mrk, kisha lirudishe. Programu itahesabu upya urefu wote yenyewe.

Bi Katalogi amejibu:

Fundi Mifumo amelimaliza suala la herufi. Mimi nizungumzie nakala na rekodi zinazojirudia.

Rekodi uliyoipakua inaeleza toleo la kitabu: nani aliliandika, lilichapishwa na nani, lina kurasa ngapi. Haijui kama una nakala moja au tano, wala ziko rafu gani. Katika Koha yenye MARC 21, aina ya MARC mnayoitumia, taarifa za nakala hukaa katika uga wa 952, na rekodi itakayoingia bila uga huo itaonekana katika katalogi ikiwa haina nakala hata moja, kama ulivyoona. Katika umbo la .mrk, uga huo huonekana hivi:

=952  \\$aMKUU$bMKUU$o510 KIT$p004512$yKITABU

Kila herufi inayofuata alama ya $ ni uga mdogo. Hapo a ni maktaba inayomiliki nakala, b ni maktaba ilipo kwa sasa, o ni namba ya rafuni, p ni msimbo pau, na y ni aina ya nakala. Misimbo ya maktaba na ya aina ya nakala lazima iwe ileile iliyokwisha kuwekwa katika mipangilio ya mfumo wako, herufi kwa herufi. Kitabu chenye nakala tatu kinahitaji nyuga tatu za 952 ndani ya rekodi moja, si rekodi tatu.

Jedwali lenu la zamani, ambalo huenda mnaliona halina kazi tena, ndilo litakalowapa taarifa hizo. Namba ya usajili inaweza kuwa msimbo pau, na ISBN inaweza kuwa kiungo. MarcEdit ina kifaa cha kugeuza jedwali kuwa rekodi fupi za MARC. Tengeneza rekodi zenye uga wa 020 (wa ISBN) na wa 952 tu, kisha uziunganishe na rekodi zilizopakuliwa kwa kulinganisha 020. Kabla ya hapo, hakikisha kwamba safu ya ISBN imewekwa kuwa matini na si namba. Programu za majedwali hufuta sifuri ya mwanzo ya ISBN yenye tarakimu 10 na hugeuza ISBN yenye tarakimu 13 kuwa kitu kama 9.78E+12, na faili likihifadhiwa katika hali hiyo tarakimu zilizopotea hazirudi.

ISBN hizo hizo ndizo chanzo cha kawaida cha rekodi kujirudia. Tangu tarehe 1 Januari 2007 ISBN zina tarakimu 13, lakini vitabu vya kabla ya hapo vimechapishwa vikiwa na tarakimu 10, na si jambo la kubandika 978 mbele basi, kwa sababu tarakimu ya mwisho hukokotolewa kwa kanuni tofauti: 0306406152 inakuwa 9780306406157. Ukiwa umeingiza kitabu kwa ISBN fupi yenye vistari, na rekodi uliyoipakua ina ISBN ndefu isiyo na vistari, mfumo unaolinganisha vibambo tu utaviona kuwa vitabu viwili. Katika kanuni za ulinganishaji za Koha, hakikisha kwamba kanuni ya ISBN imewekewa usawazishaji wa ISBN, yaani kuzigeuza zote ziwe za umbo moja, ndipo utumie kanuni hiyo katika hatua ya maandalizi. Ikipatikana rekodi inayolingana, utaamua kama rekodi mpya iichukue nafasi ya ile iliyopo, iongezwe, au iachwe. Kwa hali yenu, ambapo rekodi za mkono ni fupi, ningeruhusu rekodi iliyopakuliwa ichukue nafasi; nakala zilizokwisha kuunganishwa na rekodi ya awali hubaki mahali pake.

Kuna onyo moja kuhusu ulinganishaji. Ukipakua rekodi kutoka maktaba nyingine inayotumia Koha, uga wa 999 huwa umebeba namba ya rekodi hiyo katika mfumo wao. Ukichagua kanuni inayolinganisha kwa namba hiyo, rekodi yao namba 350 italingana na rekodi yenu namba 350, hata kama moja ni kamusi na nyingine ni kitabu cha kemia, na kamusi itafutwa. Ondoa 999 na 952 zote za wenzenu kabla ya kuweka za kwenu. Koha inakuruhusu kutengua fungu lililoingizwa, na huo ni msaada mkubwa, lakini tengua mapema, kwani nakala iliyokwisha kuazimwa haitafutika. Nakala rudufu ya hifadhidata iwepo kabla ya kila fungu kubwa.

Mlinzi wa Rafu amejibu:

Nakubaliana na wenzangu kuhusu mbinu. Wasiwasi wangu ni juu ya neno hili «fungu kubwa». Rekodi iliyoandikwa na maktaba kubwa si lazima iwe rekodi nzuri, na kigezo cha kwanza kinaonekana katika kichwa kilekile alichokieleza Fundi Mifumo, nafasi ya 17. Ikiwa tupu, rekodi ni kamili, yaani mwandishi wake alikuwa na kitabu mkononi. Ikiwa na tarakimu 8, rekodi iliandikwa kabla ya kitabu kuchapishwa, kwa taarifa za mchapishaji. Utaitambua pia kwa uga wa 300 ambao hautaji idadi ya kurasa, na kwa uga wa 263 wenye tarehe iliyotarajiwa ya kuchapishwa. Jina la kitabu linaweza kuwa lilibadilika baadaye. Rekodi za namna hiyo zitenge katika faili lake, uzilinganishe na vitabu vyenyewe kimoja kimoja.

Kosa la pili ni kuchukua rekodi ya kitabu cha kielektroniki kwa ajili ya kitabu cha karatasi. Rekodi ya kielektroniki mara nyingi hubeba pia ISBN ya kitabu cha karatasi, ikiwa katika uga mdogo z wa 020, na seva inaweza kukurudishia rekodi hiyo kwa swali lako la ISBN. Msomaji ataona kiungo cha uga wa 856 kinachompeleka kwenye ukurasa wa maktaba ya mbali unaomwomba nywila asiyo nayo. Tazama 338 (aina ya chombo) na 300 (maelezo ya umbo la kitabu), na 856 usiiache bila kuibofya.

Zipo pia nyuga za wenye rekodi: 541 kuhusu walivyokipata kitabu, 561 kuhusu waliokimiliki kabla yao, 590 yenye maelezo ya kwao, 852 na nyingi za kundi la 9xx. Hizo ziondolewe zote. Uga wa 040 haupaswi kuondolewa, kwa sababu ndio unaoonyesha rekodi imetoka kwa nani. Kama maktaba yako ina msimbo wake, uongeze katika uga mdogo d. Vivyo hivyo 001 na 003 (namba ya rekodi na msimbo wa aliyeitoa) nyakati nyingi zinafaa kubaki, au kuhamishiwa 035, ili siku utakapotaka kuichukua tena rekodi ileile ikiwa imeboreshwa uweze kuitambua.

Kuhusu vichwa vya mada, mimi nina msimamo ambao baadhi ya wakutubi hawaupendi. Uga wa 650 wenye sifuri katika kiashirio cha pili (kibambo cha pili kati ya viwili vinavyotangulia yaliyomo ya uga) umetoka katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, wenye 2 umetoka katika orodha ya mada za tiba, na wenye 7 umetoka katika orodha iliyotajwa katika uga mdogo 2. Usizifute ati kwa sababu wasomaji wako wanatafuta kwa lugha nyingine. Ziache, kisha ongeza 653 yenye maneno ambayo wasomaji wako huyatumia hasa. Namba ya Dewey (ya kupanga vitabu kwa mada) iliyo katika 082 ichukue kama pendekezo, kisha utazame vitabu vinavyofanana mmeviweka wapi, maana heri kitabu kikae karibu na ndugu zake kuliko kufuata namba ya maktaba ambayo hamjawahi kuiona.

Umeuliza pia kuhusu ruhusa. Mwaka 2017 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa rekodi zake milioni 25 zipakuliwe bure kwa wingi, na Chuo Kikuu cha Harvard kilitangulia mwaka 2012 kwa kuachia rekodi zaidi ya milioni 12 bila masharti ya hakimiliki. Mafaili hayo ya jumla ni mazito na hayafai kwa maktaba ndogo. Kinachokufaa ni kutafuta kitabu kimoja kimoja au orodha ya ISBN kupitia Z39.50 au SRU, itifaki za kutafuta na kupakua rekodi katika seva za maktaba nyingine, na seva nyingi za maktaba za taifa zimeacha mlango huo wazi. WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba nyingi duniani, kwa upande wake inahitaji uanachama. Soma masharti ya kila seva, na usiipelekee maswali elfu kwa mkupuo, kwani zipo seva zitakazokufungia.

mkutubi_chuoni amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimebadilisha faili kwa amri ya Fundi Mifumo, na majina sasa yanasomeka. Nimefungua pia nafasi ya 17 katika rekodi zangu, na kweli baadhi zina 8, tena ni za vitabu vya zamani ambavyo nilidhani rekodi zake zilikamilishwa zamani.

Yamebaki mambo mawili. Katika fungu la vitabu vya Kifaransa nililolipata kwenye seva nyingine, rekodi zimeingia bila jina la kitabu wala mwandishi, ingawa nikitazama faili naona taarifa zote zimo. Na tuna rafu nzima za vitabu vya kabla ya ISBN, ambavyo sijui nivitafute kwa njia gani.

Fundi Mifumo amejibu:

Fungu hilo la Kifaransa karibu kwa hakika ni la UNIMARC, aina nyingine ya MARC. Muundo wa nje ni ule ule wa ISO 2709, kwa hiyo mfumo haulalamiki unapolipokea, lakini namba za nyuga zina maana nyingine: jina la kitabu liko 200 badala ya 245, mwandishi yuko 700 badala ya 100, na ISBN iko 010, mahali ambapo MARC 21 huweka namba ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mfumo wako unatafuta 245, hauikuti, na unaonyesha nafasi tupu. Tengua fungu hilo lote. Kisha uangalie kama seva hiyo inaweza kutoa rekodi zilezile katika MARC 21, maana seva nyingi hutoa miundo zaidi ya mmoja, nawe huchagua katika mipangilio ya seva ndani ya Koha. Isipowezekana, ndipo utumie programu ya kubadilisha muundo. Kumbuka tu kwamba nafasi ya 9 ya kichwa haitangazi usimbaji katika UNIMARC. Taarifa hiyo iko ndani ya uga wa 100, hivyo kipimo nilichokupa juu hakifai kwa mafaili hayo.

Bi Katalogi amejibu:

Kwa vitabu visivyo na ISBN, fungua nyuma ya ukurasa wa jina kabla ya kitu kingine chochote. ISBN ilikubaliwa kuwa sanifu ya kimataifa mwaka 1970, lakini namba za kadi za Maktaba ya Bunge la Marekani zilichapishwa ndani ya vitabu hata kabla ya hapo, na namba hiyo inatafutika. Iandike bila kistari, na sehemu inayofuata kistari ijazwe sifuri mbele hadi ifike tarakimu sita: 85-2 inakuwa 85000002. Katika Z39.50 ISBN hutafutwa kwa sifa namba 7 na namba hii kwa sifa namba 9, ingawa katika fomu ya Koha utajaza tu nafasi iliyoandaliwa.

Kitabu kisicho na namba hiyo pia, kitafute kwa jina la ukoo la mwandishi pamoja na neno moja au mawili yasiyo ya kawaida kutoka katika jina la kitabu. Jina zima hukosesha majibu mara neno moja likiandikwa tofauti. Hapa usitumie fungu. Matoleo ya kitabu cha zamani yanafanana mno, na utahitaji kulinganisha 250 (toleo), mwaka ulio katika 260 au 264, na idadi ya kurasa katika 300 na kitabu kilicho mezani. Ukikuta toleo la jirani tu, unaweza kuichukua rekodi hiyo kama msingi, ukarekebisha toleo, mwaka na kurasa, kisha uondoe 001, 003, 010, 035 na 020 za toleo lile, ili mtu mwingine anayepakua kutoka kwenu asizichukue kuwa za kitabu hiki. Na vile ambavyo havikupatikana kokote, ambavyo mara nyingi ni machapisho madogo ya taasisi na vijitabu vya waandishi waliojichapishia, viandike mwenyewe kwa ukamilifu, kisha ufungue seva yenu ya Z39.50 ili wengine nao wapakue rekodi hizo.